Alama Thelathini

Mwalimu Ogden anaandika ubaoni kwa kalamu inayokauka:
Bunge ndilo lenye kauli ya mwisho. Jadili.
Chini yake: alama thelathini, dakika arobaini na tano.
Nje, mvua ya Keighley inagonga kioo
kama mpinzani asiyepewa zamu ya kusema.

Tuko saba tu katika somo hili.
Zubair amekumbatiana na hita,
koti hajalivua tangu Novemba.
Kezia ana wino wa rangi: njano kwa hoja, waridi kwa pingamizi,
kijani kwa yale asiyoyaelewa bado.
Daftari lake ni shamba.

Tumeambiwa katiba ya nchi hii haimo katika kitabu kimoja.
Imetawanyika: sheria hapa, hukumu pale,
na desturi, zile zisizoandikwa popote
ila kila mtu anazijua,
mpaka siku mkubwa mmoja atakapojifanya hazijui.
Nikawaza jikoni kwetu.
Nani alipitisha kwamba kiti cha dirishani ni cha Nana?
Hakuna karatasi.
Lakini thubutu kukikalia.

Nililiandika hilo kwenye insha.
Mwalimu akalipigia mstari, akaongeza pembeni:
"Vizuri, Merryn. Ila mtahini hajawahi kufika jikoni kwenu."

Basi nimejifunza kusema kwa mapana.
Kwa upande mmoja. Kwa upande mwingine.
Ulimi wangu umekuwa mizani ya dukani:
unapima kila kitu, haununui chochote.

Alhamisi ile ya Mei tulihamishwa.
Darasa letu liligeuzwa kituo cha kura:
vibanda vinne, sanduku jeusi,
penseli zimefungwa kamba kama mbuzi.
Sisi tukapelekwa maabara ya kemia
kusoma, katikati ya harufu ya gesi,
kwa nini vijana hawajitokezi kupiga kura.

Saa tisa na nusu alasiri nikamshika mkono Nana Noreen
tukapanda vidato vitatu vya mlangoni, fimbo ikitangulia.
Pasi yake ya basi ilikuwa mkononi tayari,
yenye picha ambayo hajamsamehe aliyeipiga.
Mama mwenye beji akaniuliza umri.
Kumi na saba. Zimebaki siku kumi na tisa.
"Basi ngoja hapo, kipenzi."
Nikangoja kwenye kizingiti cha darasa langu mwenyewe,
chini ya bango nililolichora mimi,
Mihimili Mitatu ya Dola,
mhimili wa tatu umepinda, niliishiwa na karatasi.

Kabla hajaingia, Nana alikuwa amenigeukia.
"Wewe ndiye unayeyasoma haya. Nimpe nani?"
Nikafumbua kinywa.
Kwa upande mmoja, nikaanza, ruzuku ya mabasi,
lakini kwa upande mwingine, deni la halmashauri...
Akacheka hadi fimbo ikatetemeka.
"Mjukuu wangu, mle ndani hakuna upande mwingine.
Ni alama moja tu."

Alikawia.
Niliuona mgongo wake, sweta ya samawati,
kiwiko hakisogei.
Mwanamke aliyeishi miaka arobaini na mume
aliyekuwa akimwambia ampe nani,
na ambaye, nilikuja kujua baadaye,
hakumtii hata mara moja.
Halafu kiwiko kikasogea. Mara mbili, haraka,
kama anayekata uzi.

Njiani sikumuuliza. Hiyo nayo haikuandikwa popote.

Leo vibanda vimeondoka.
Kwenye dawati langu kimesahauliwa kipande cha kamba,
Zubair anakivuta, mimi nakivuta,
Kezia anasema tukipigie kura.
"Dakika arobaini na tano," anasema Mwalimu Ogden. "Anzeni."

Naandika: Kwa upande mmoja.
Nakata.
Naiangalia ile alama niliyokatia,
mistari miwili iliyopishana, midogo,
inatosha kabisa ndani ya kisanduku.